Tekken 3 sebuleni tena: mashine ipi ununue ukiwa Dodoma

Waulize waliokulia Majengo, Chang'ombe au Kikuyu miaka ya mwanzoni ya 2000 ni gemu gani lililomaliza chenji ya dukani, na wengi watakutajia Tekken 3 kabla hujamaliza swali. Leo watu hao wana mishahara na sebule zao Ilazo na Nkuhungu, na wanataka kulicheza tena. Shida ni kwamba sokoni njia za kulirudisha ni nyingi, na kila muuzaji anaapa kwamba yake ndiyo orijino.

Nimezipanga kwa kigezo kimoja: watu wawili kwenye kochi moja, kila mtu na pedi yake, wapigane bila kisingizio. Gemu la ngumi halinogi ukicheza peke yako na kompyuta. Ukimaliza mara tatu nne umelichoka. Kwa hiyo mashine nzuri yenye pedi moja nzuri na nyingine mbovu, kwa kazi hii, ni mashine mbovu.

Kwanza ujue unachonunua. Namco wa Japani walilitoa Tekken 3 mwaka 1997 kama mashine ya kutumbukiza sarafu, kwenye bodi ya System 12, ambayo kwa kweli ni PlayStation iliyoongezewa nguvu. Mwaka 1998 likaingia kwenye PlayStation ya nyumbani. Ili litoshe humo, mandhari ya nyuma yalirahisishwa, lakini wapiganaji walibaki na wepesi wao. Toleo la nyumbani likaongezewa na vitu ambavyo mashine ya sarafu haikuwa navyo: Tekken Force ya kutembea ukipiga watu njia nzima, Tekken Ball ya kupigana kwa mpira, mzee Dr. Bosconovitch asiyeweza kusimama sawasawa, na Gon, kale kadinosaria kafupi ambako ngumi nyingi zinakapita juu. Sisi huku mashine ya sarafu wengi hatukuiona. Tekken 3 yetu ni ile ya PlayStation, kwenye TV ya chogo, mwenye kibanda akikodolea saa. Shika hilo, maana kuna toleo nitakalolitaja ambalo ukimtafuta Gon humo utakesha.

Namba moja: PS2 Slim

Wengi watashangaa kwa nini siyo PlayStation yenyewe ya kwanza. Sababu ni kwamba PS2, yaani PlayStation 2, inasoma diski za PlayStation 1, ipo kwa wingi, mafundi wanaijua mpaka usingizini, na pedi zake zinapatikana. Juu ya hapo unaongezewa Tekken Tag Tournament ya mwaka 2000, ya kuingia wawili wawili na kupokezana, na Tekken 5 ya mwaka 2005. Ndani ya diski ya Tekken 5 kuna Tekken ya kwanza, ya pili na ya tatu, zote kwa toleo la mashine ya sarafu. Diski moja, gemu nne. Hapo ndipo Gon hayupo, wala Tekken Force. Ukitaka ile ya kibandani kabisa, tafuta pia diski ya Tekken 3 ya PlayStation 1.

Nasema Slim, ile nyembamba, kwa sababu ya umeme. PS2 nono ya mtumba iliyotoka Japani inataka volti 100. Ukiichomeka kwenye volti 230 za TANESCO utasikia mlio mmoja tu, halafu harufu. Slim za mwanzo, za namba inayoanzia SCPH-70000, zina adapta ya nje, kwa hiyo unasoma tu karatasi ya adapta: ikiandikwa 100–240V uko salama, na hata ikiungua unabadilisha adapta peke yake. Za mwisho, SCPH-90000, zina sehemu ya umeme ndani. Si mbaya, ila fundi lazima afungue.

Lingine ni lenzi. Vumbi la Dodoma la Julai na Agosti halina huruma na kitu chochote chenye jicho la kusoma CD. Usikubali kuoneshwa mashine ikiwaka na kukomea kwenye menyu. Weka diski, ingia kwenye gemu, cheza mechi nzima, toa diski, rudisha tena. Fundi mjanja anaweza kuiongezea lenzi nguvu ikasoma vizuri wiki mbili, halafu ikafa jumla. Ukiona inasoma diski mpya lakini inasitasita kwenye za zamani, punguza bei au ondoka.

Diski nyingi mtaani ni za kuchoma, na hizo hazisomwi mpaka mashine iwe imechipiwa, yaani imefungwa chipu ya kuzikubali. Uliza wazi. Kuna wanaouza mashine isiyo na chipu pamoja na memori kadi iliyowekewa programu ili gemu zisomwe kwenye flashi. Kwa gemu za PS2 inasaidia, ingawa USB ya mashine hii ni ya kizamani na video zinakatakata. Kwa Tekken 3 ya PlayStation 1 njia hiyo ni ya kubahatisha, na baadhi ya SCPH-90000 za mwishoni haziikubali kabisa.

Na kitu ambacho muuzaji hatakuambia: gemu la PlayStation 1 ukilichezea kwenye PS2 linahifadhi kwenye memori kadi ya PlayStation 1 tu. Ile ya PS2 ya megabaiti 8 haitakusaidia. Bila kadi sahihi, kila ukiwasha utakuta wapiganaji kumi wa mwanzo: Jin, Xiaoyu, Hwoarang, Eddy, Paul, Law, Lei, Nina, King na Yoshimitsu. Bryan, Heihachi, Mokujin na wenzao wanafunguka ukimaliza gemu tena na tena, na Bosconovitch anataka uimalize Tekken Force mara nne. Hakuna mtu mzima mwenye familia atakayerudia kazi hiyo kila Jumamosi. Nunua kadi siku hiyo hiyo.

Pedi nazo zina mtihani wake, na unafanyika pale pale dukani. Mchague Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, ubonyeze eksi na duara kwa kupishanisha bila mpango wowote. (Ndiyo, vile vile ulivyokuwa unafanya, na ndiyo maana hakuna aliyekupenda.) Miguu yake isipotoka mfululizo, kitufe kimoja kimechoka. Kisha mchague King, msogelee adui, bonyeza mraba na eksi kwa pamoja: lazima amkamate na kumbwaga. Akirusha ngumi peke yake, pedi haisomi vitufe viwili kwa wakati mmoja, na pedi nyingi mpya za bei chee ndivyo zilivyo. Rudia kwa pembetatu na duara. Fanya hivyo kwa pedi zote mbili, siyo ile anayokupa yeye.

Upande wa TV, kama kuna chogo la mjomba limetupwa stoo, lichukue. Halicheleweshi kitu: unabonyeza, ngumi inatoka. Angalia tu kama linakubali NTSC, mfumo wa picha wa Marekani na Japani, maana diski za huko kwenye chogo la PAL tupu (mfumo wa Ulaya) zinaweza kukupa picha isiyo na rangi. Kwenye flati, tumia tundu la AV la TV yenyewe na uwashe modi ya gemu kwenye mipangilio. Kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI kinafanya picha iwe na ukungu, na cha hovyo kinachelewesha. Kwa mtu wa FIFA ni kero ndogo, ila anayejaribu kuzuia teke la Hwoarang ataona tofauti mara moja.

Namba mbili: laptopu uliyonayo tayari

Mwanafunzi wa UDOM asitumie boom lake kununua mashine. Laptopu yoyote ya kawaida ya miaka kumi iliyopita inabeba PlayStation 1 bila kutoka jasho, kwa programu ya DuckStation au RetroArch, zote za bure. Nunua pedi mbili za USB za waya, unganisha HDMI kwenye TV, basi. Picha inakuwa safi kuliko ilivyowahi kuwa kibandani, na unahifadhi mchezo popote bila memori kadi. Kama una diski yako na laptopu ina sehemu ya DVD, unaweza kuichezesha moja kwa moja au kuihifadhi kwenye kompyuta isije ikachunika zaidi.

Kilichoinyima nafasi ya kwanza ni usumbufu wa kupanga mambo. Wageni wamekaa, wewe uko chini ya meza unatafuta kwa nini pedi ya pili haionekani. Kwa mtu mvumilivu, hii ndiyo njia ya gharama ndogo kuliko zote zilizo nzuri.

Namba tatu: PlayStation Classic

Ni kale kamashine kadogo ambako Sony walikatoa Desemba 2018, kenye gemu 20 ndani, Tekken 3 ikiwemo. Kanakuja na pedi mbili za waya zisizo na vijiti, kama pedi za mwanzo kabisa, na HDMI. Kwa kigezo changu kalipaswa kushika namba moja. Kinachokaangusha ni kwamba Tekken 3 iliyowekwa humo ni toleo la Ulaya, lenye picha 50 kwa sekunde badala ya 60 za toleo la Marekani na Japani. Mtu wa kawaida atacheza na kufurahi. Aliyekuwa bingwa wa mtaa atahisi mikono imekuwa mizito na hatajua kwa nini. Pia adapta ya umeme haimo kwenye boksi, ila chaja ya simu inatosha. Madukani Dodoma usitegemee kukakuta, labda uagize.

Namba nne: PS3

Inasoma diski za PlayStation 1, ina HDMI, na ina Tekken 6 na Tekken Tag Tournament 2. Lakini haisomi diski ya kuchoma ya PlayStation 1 kama programu yake haijachezewa na fundi, na mashine ya Ulaya haitaki diski ya Marekani. Kwa hiyo lazima uwe na diski orijino ya ukanda wake, na hiyo ndiyo kazi. Ukinunua, chukua Slim au Super Slim. Zile nono za mwanzo zina ugonjwa wa joto unaoishia kwenye taa ya njano, na joto la Oktoba hapa haliwezi kuzisaidia.

Namba tano: PlayStation ya kwanza yenyewe

Hii mtu anainunua kwa moyo. Mlio wake wa kuwaka peke yake unatosha kumkalisha kimya mtu wa miaka arobaini. Lakini Sony waliacha kuitengeneza mwaka 2006, reli za lenzi yake zimelika, na utarudi kwenye maisha yale ya kuigeuza juu chini ili isome. Ukikuta PS One, ile ndogo nyeupe ya mwaka 2000, ikiwa nzima na bei yake ya kistaarabu, chukua hiyo badala ya ya kijivu.

Vya mkononi na simu

Vimashine kama R36S vinaendesha Tekken 3 vizuri sana. Kwa safari ya treni ya Dar sina ubishi navyo. Ila havina HDMI, na wa pili atachezea wapi? Simu nayo vile vile: vidole kwenye kioo havimkamati mtu kwa mtupo wa King hata siku moja.

Mwisho kabisa: gemu stiki

Ni ile ya kuchomeka nyuma ya TV, "gemu elfu kumi", pedi mbili zisizo na waya. Ndiyo ya bei ya chini na ndiyo inayouzwa kuliko zote, pale Machinga Complex hata kwenye kurasa za Instagramu. Ukinunulia watoto wa darasa la pili, sawa. Kwa Tekken 3 pedi zake zinachelewa, na betri zikianza kuisha zinachelewa zaidi, kwa hiyo anayeshindwa ana haki ya kulalamika. Kadi ya SD iliyomo ni dhaifu. Ukishaikubali kwa ajili ya bei, siku hiyo hiyo nakili vilivyomo kwenye kadi nyingine nzuri, kabla haijafa na gemu zote.

Kuhusu kuagiza Kariakoo na kutumiwa kwa basi: inawezekana, watu wanafanya, lakini mashine ya lenzi haipendi kurushwarushwa kwenye buti. Kabla ya kutuma hela, mpigie muuzaji simu ya video, achague Eddy kwa pedi ya pili, acheze raundi mbili ukitazama. Mkubaliane kwa maandishi kwamba ikifika haisomi anairudisha, na nauli ya kuirudisha ni juu ya nani. Ukiipokea stendi ya Nanenane, iache itulie saa kadhaa kabla ya kuiwasha, na usiichomeke moja kwa moja ukutani kama mtaa wenu umeme unarukaruka. Tafuta stabilaiza, hata ile ndogo ya friji.