Baza nane za waya kwa mazoezi ya chemsha bongo: nunua, lakini ijaribu kwanza mbele ya fundi

Timu ya chuo inayojiandaa kwa chemsha bongo ya runinga haiwezi kuendelea kupiga meza kwa kiganja. Wawili wakipiga karibu pamoja, dakika nzima hupotelea kwenye ubishi wa nani aliyetangulia, na mwenye sauti kubwa ndiye hushinda. Seti ya baza, yaani vitufe vya kuwania nafasi ya kujibu, tunayoitathmini hapa ni ile ya kuundiwa na fundi kwa vipuri vya maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue: sanduku la plastiki, bodi ya Arduino Nano (kompyuta ndogo inayoendesha kifaa), vitufe vinane vya kuweka mezani, taa nane za LED, spika ndogo, na kitufe cha msomaji cha kuanzisha upya. Kwa klabu ya chuo jijini Nairobi, hiki ndicho kifaa tunachokipendekeza. Ila seti mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa mbingu na ardhi kwa ndani.

Nane si idadi ya kubahatisha. College Bowl ya Marekani, iliyoanza redioni mwaka 1953, ilikutanisha timu mbili za watu wanne wanne. University Challenge ya Uingereza ikafuata mwaka 1962, na mtindo huo ukafika kwetu na Celtel Africa Challenge mwaka 2007, baadaye Zain Africa Challenge, John Sibi-Okumu akiwa muulizaji. Katika University Challenge, swali la kufungulia lina alama 10 na hujibiwa na mtu mmoja bila kushauriana na wenzake. Akipata, timu yake hupewa maswali matatu ya nyongeza, alama 5 kila moja. Anayemkatiza msomaji kisha akakosea huipotezea timu alama 5. Kidole kilichotangulia, basi, kinaweza kuleta alama 25, na sanduku lisilotenda haki huwazoesha wachezaji makosa.

Cha kukagua kwanza ni programu iliyo ndani ya bodi. Kazi ya sanduku ni kumtambua wa kwanza na papo hapo kuwafungia njia wale saba wengine. Arduino ikisoma vitufe mfululizo bila kusubiri, mzunguko wa vyote vinane hauchukui hata milisekunde moja, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Shida huanza fundi anapotia amri ya kusubiri, tuseme milisekunde 50, katikati ya mzunguko. Wote waliobonyeza ndani ya kipindi hicho huonekana wamebonyeza pamoja, na ushindi huenda kwa kitufe kinachosomwa mwanzo, aghalabu namba 1. Weka kitufe cha 1 na cha 8 kando kwa kando, uvibonyeze pamoja kwa rula ngumu mara 20, kisha vibadilishane nafasi na urudie. Vikigawana ushindi, sawa. Namba 1 akishinda zote, usilipe hadi programu irekebishwe.

Kisha mtu ashikilie kitufe chake huku msomaji akianzisha upya. Sanduku zuri humpuuza mpaka aachie. Sanduku baya humpa swali ambalo bado halijasomwa.

Kataa pia seti inayoonyesha timu tu. Runingani mchezaji hutajwa kwanza, chuo chake na jina lake, ndipo ajibu. Anayeropoka jibu kabla ya kutajwa anajenga tabia itakayomwaibisha mbele ya kamera. Kila mtu awe na taa yake, na kila timu iwe na mlio wake, mmoja mzito na mwingine mwembamba, ili msomaji ajue upande bila kuinua macho kwenye karatasi.

Nyaya ndizo huleta kero nyingi. Seti nyingi hutumia jeki za milimita 3.5 kama za spika za masikioni, kwa sababu ni rahisi kupatikana. Ubaya wake ni kwamba jeki ikichomekwa au kuchomolewa, ncha yake hugusa sehemu zisizofaa kwa muda mfupi na sanduku hudhani kitufe kimebonyezwa. Chomeka zote kabla ya kuwasha. Waya ukizidi mita tatu hivi, mlio unaweza kutokea bila mtu kugusa chochote, hasa karibu na taa za mirija: rizista (kipuri cha kupinga mkondo wa umeme) ya ndani ya Arduino, kilo-om 20 hadi 50, ni dhaifu mno kuzuia mawimbi yanayonaswa na waya mrefu. Mwambie fundi aongeze rizista ya kilo-om 4.7 kwa kila njia ya kitufe, pamoja na kapasita (kipuri cha kuhifadhi chaji ya umeme) ya nanofaradi 100. Ni vipuri vidogo tu, na tofauti yake ni kubwa.

Umeme ni volti 5 kupitia USB, kwa hiyo chaja ya simu inatosha. Stima ikipotea, pawabenki huokoa mazoezi, ingawa baadhi hujizima zenyewe baada ya muda kwa sababu sanduku hula umeme kidogo mno. Jaribu yako kwa nusu saa kabla ya kuitegemea.

Programu za simu zinazogeuza kila simu kuwa baza hazina gharama, na kwa kuchangamsha kikao zinafaa. Kwa mazoezi ya kweli, hapana. Mtu huitikia sauti kwa takriban milisekunde 150 hadi 200, ilhali mtandao uliosongamana wa chuo unaweza kuchelewesha simu moja kwa makumi ya milisekunde na nyingine usiicheleweshe. Mwenye intaneti nzuri ndiye hutangulia.

Kasoro moja ya sanduku hili hujulikana baadaye: halina swichi ya kuchagua kanuni ya lini mchezaji aruhusiwe kubonyeza. Katika Jeopardy!, chemsha bongo ya runinga ya Marekani, tangu 1985 vitufe hufungwa mpaka swali lisomwe lote, na anayebonyeza mapema hufungiwa robo sekunde. Kama mashindano mnayoyalenga yanafuata kanuni hiyo, omba swichi hiyo tangu siku ya kuagiza. Kuiongeza baadaye ni kutoboa sanduku upya na kubadilisha programu.

Kwa vitufe, chagua vya mashine za michezo vyenye kipenyo cha milimita 30. Vile vidogo vya kulehemiwa kwenye bodi havikuundwa kupigwa kwa nguvu. Na ununue viwili vya akiba siku hiyohiyo, kutoka duka lilelile, ili ukubwa wa tundu usitofautiane.