Kibanda umiza cha Majengo, Moshi: nyota nne

Mimi ni refa wa ndondo, soka la mitaani, hapa Moshi, hivyo kibanda cha kuonyeshea mechi nakipima kwa jambo moja tu: ukiomba kipande kirudishwe nyuma, mwenyewe anakubali au anakunja uso? Huyu anakubali. Siku za kazi mchana, kama hakuna ligi, anakuwekea chochote kutoka YouTube, mradi kila kichwa kilipe mia tano.

Sisi marefa tuliomba fainali ya 2011 ya hurling, mchezo wa Ireland wa fimbo na mpira, kaunti ya Kilkenny na ya Tipperary, pale uwanja wa Croke Park. Watu 15 kila upande, fimbo mkononi, dakika 70. Mpira ukiingia wavuni ni alama tatu, ukipita juu ya mwamba ni moja, na ubao hauwajumlishii: Kilkenny 2-17, Tipperary 1-16. Vijana wa bodaboda waliokaa nyuma walibishana mpaka mmoja akatoa simu kupiga hesabu. 23 kwa 19.

Sisi macho yalikuwa kwa refa, Brian Gavin wa Offaly. Fimbo ya Tommy Walsh wa Kilkenny ilimpata puani, bahati mbaya tu, damu ikamtoka. Akahudumiwa, akarudi na kipyenga chake. Hapo ndipo skrini ya hiki kibanda ilipojilipa. Picha safi, na kipande kilirudiwa mpaka tukaridhika. Gavin alipewa fainali nyingine 2013, ile ya marudiano 2014, na 2016. Mshahara hakuna, mchezo wao ni wa ridhaa, refa anarudishiwa gharama za safari. (Kwetu posho ya ndondo ikichelewa siku mbili, simu hazipokelewi.)

Kilichonitia wivu ni wale wanne wanaosimama magolini na makoti meupe kama wauza bucha, bendera ya kijani kwa goli, nyeupe kwa alama moja. Refa anakuja nao mwenyewe, watu anaowaamini. Mimi napangiwa mshika kibendera, tunafahamiana uwanjani.

Ubaya ni spika ya kulia. Mtangazaji akipandisha sauti unasikia mkwaruzo tu. Umeme ulikatika mara moja, jenereta ikawashwa upesi, lakini moshi wake unaingia ndani. Kaa benchi la pili, upande wa mlangoni. Na Jumamosi usipeleke maombi yako, hakuna atakayekusikiliza.