Jägerbüchse 71 imefika, kichwa cha komeo hakikufika

Nilinunua mnadani Jägerbüchse 71, bunduki fupi ya zamani ya Mauser, ya Kijerumani. Nianze na kilichonipandisha presha. Boksi limefunguliwa, bunduki imo, komeo, kile chuma kinachofunga chumba cha risasi kwa nyuma, limefungwa peke yake kwenye nailoni yenye mapovu, na mbele ya komeo hakuna kichwa. Pini ya kulipulia risasi imechomoza uchi kama msumari uliosahauliwa ubaoni. Jägerbüchse 71 isiyo na kichwa cha komeo ni chuma cha kuning'iniza juu ya sebule, na bei niliyolipa haikuwa ya pambo la sebuleni.

Kwa wasioijua: komeo la Mauser 71 si kipande kimoja. Kichwa chake ni kipande tofauti kinachokaa mbele, na kivuta ganda hukaa kwenye hicho hicho kichwa. Komeo likiwa ndani ya bunduki, kichwa hakina pa kwenda. Ukilichomoa tu, kinabaki kimeegeshwa kwenye ncha ya pini, na mtu akiinamisha mkono kidogo kinateleza chini. Hii si siri ya wataalamu wa Oberndorf, mji wa kiwanda cha Mauser. Yeyote aliyewahi kushika 71 mara mbili anaijua, ndiyo maana makomeo yasiyo na vichwa yamejaa sokoni na vichwa visivyo na makomeo havipatikani.

Sasa hawa jamaa wa mnada walilichomoa ili kufunga mzigo. Kulichomoa ni sawa, hata mimi ningefanya hivyo. Juu ya ubavu wa komeo, ule ukingo wake ulioinuka, kuna skrubu kubwa na washa nene ya duara, na hiyo washa ndiyo inayozuia komeo lisitoke nyuma. Unalegeza skrubu mpaka washa inyanyuke, unavuta komeo polepole, na mkono wa kushoto unakuwa tayari mbele kupokea kichwa. Mkono wa kushoto, jamani! Hatua yenyewe ni hiyo moja. Bisibisi nayo iwe pana na bapa, ijae mfereji wote wa skrubu. Hizi za kawaida zenye ncha iliyochongoka hutafuna mfereji, na skrubu iliyotafunwa haisahihishiki. Kwangu mfereji umetafunwa upande mmoja na alama ni mpya, chuma bado kinang'aa. Kwa hiyo hata bisibisi hawakuwa nayo.

Niliwaandikia kwa heshima. Picha zao wenyewe zinaonyesha komeo limevutwa nyuma na kichwa kinaonekana wazi, uso wake una mwanya wa kivuta ganda. Siku ya picha kilikuwepo. Jibu lililorudi, nalitafsiri kama lilivyo: bidhaa iliuzwa "kama ilivyo", na kwa vyovyote silaha ya umri huo ni ya kutazamwa, haitegemewi kufanya kazi. Nikapiga simu. Aliyepokea akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayefukuza inzi, kwani nataka kwenda nayo vitani?

Hapo ndipo nilipotaka kuvunja simu. "Kama ilivyo" maana yake ni kama ilivyo pichani, si kama ilivyo baada ya wewe kuidondosha chini ya meza.

Labda niseme kwa nini bunduki hii na si nyingine, maana wengi wataona 71 ni 71. Ya askari wa miguu ina urefu wa karibu sentimita 135. Ya Jäger, askari wepesi wa shabaha, ni fupi, kama 124, na hiyo fupi ndiyo iliyobebwa na askari wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani, kule kwetu Afrika Mashariki. Vita vilipoanza 1914 makampani mengi ya askari yalikuwa bado na hii: risasi moja kwa wakati, milimita 11, baruti nyeusi. Kila ukipiga, wingu jeupe linasimama juu ya kichwa chako na kumwambia adui ulipo. Tanga, Novemba 1914, walishinda hivyo hivyo, wakaokota bunduki za Waingereza zisizotoa moshi. Mwaka uliofuata meli ya Rubens ikaingiza nyingine za kisasa kupitia ghuba ya Manza. Kwa hiyo 71 fupi ndiyo bunduki ya babu zetu wengi, kwa upande huu au ule wa mtutu.

Wauzaji wamelijua hilo. Siku hizi kila Mauser ya zamani ni "ya askari". Yangu sidai hivyo, haina chapa ya kuthibitisha, na hilo nalipongeza kwa mnada huu: hawakulitumia hilo neno. Angalia mambo matatu kabla ya kutoa hela. Kwanza, ubavuni kushoto: kama kuna maandishi ya Kigothi I.G.Mod.71, hiyo ni ya askari wa miguu, na kama ni fupi basi kuna mtu aliikata kwa msumeno. Pili, kipenyo cha mtutu. Uruguay walibadilisha 71 zao kuwa milimita 6.5, na picha ya ubavuni haikuonyeshi. Tatu, namba. Mjerumani alipiga namba kamili kwenye mwili na tarakimu mbili za mwisho kwenye vipande vidogo, hadi skrubu. Yangu inaishia na 64 na kila kipande kilichopo kinasema 64. Kilichopo, nimesema.

Na sasa niwe mkweli hata kama inaniuma: bunduki yenyewe ni nzuri kuliko nilivyotegemea. Mtutu ndio unaoua ndoto nyingi kwenye silaha za baruti nyeusi. Masizi yake hunyonya unyevu, na bunduki iliyopigwa na kuachwa bila kuoshwa huliwa ndani kimya kimya, hasa karibu na chumba cha risasi. Nilimulika taa ndogo kutoka nyuma: mifuo minne ya kuzungusha risasi imesimama, kingo kali, vishimo vichache tu kwenye sentimita za mwisho mdomoni. Kitako ni cha jozi na hakuna aliyekipiga msasa. Utajuaje? Mbao iliyopigwa msasa inakuwa chini kuliko chuma, ukipitisha kucha kwenye kiungo inakwama kwenye ukingo wa chuma. Hapa mbao na chuma viko sawa, na mihuri ya ukaguzi kwenye mbao bado inasomeka. Nilipoiona hiyo mihuri nilisahau kichwa cha komeo kwa dakika kama tano.

Usafi wake usifanyiwe haraka. Mtutu: maji ya moto na sabuni kidogo, brashi ya shaba, vitambaa mpaka kitoke cheupe, kisha kausha kabisa ndipo mafuta mepesi. Mafuta juu ya masizi yasiyooshwa yanafungia unyevu ndani, na hilo ndilo kosa la kila mtu. Chuma cha nje chenye kutu nyekundu: mafuta, acha usiku mmoja, kisha sugua na kipande cha shaba au sarafu ya shaba, ambavyo ni laini kuliko chuma. Stilwaya ya jikoni usiiguse, na kahawia ile iliyokolea iache, ndiyo umri wake. Mbao: kitambaa chenye mafuta ya kitani, matone machache, paka na futa hapo hapo. Vanishi ni dhambi.

Turudi kwenye kichwa. Kutafuta kingine kulinichukua miezi, na nimejifunza kwa gharama. Cha 71/84, ile yenye bomba la risasi nane chini ya mtutu, hakikufai. Ile ina kitupa ganda. 71 haina kabisa, unavuta komeo na kuinamisha bunduki pembeni ganda lianguke lenyewe. Msijidanganye kwamba hiyo ni hitilafu, iliundwa hivyo. Muulize muuzaji picha ya uso wa kichwa, ya nyuma yake, na ya kivuta ganda kikiwa mahali pake. Muuzaji akikosa picha ya nyuma, achana naye.

Kikifika, usikidumbukize tu na kushangilia. Komeo la 71 hujifunga sehemu moja, ubavu wake unapogota mbele ya daraja la mwili, ile sehemu ya nyuma inayopita juu ya komeo, na kichwa kutoka bunduki nyingine kinaweza kuacha nafasi kubwa nyuma ya ganda. Chukua ganda tupu lisilo na fataki wala baruti, funga komeo. Likifunga laini, toa ganda, bandika kipande cha selotepu kwenye kitako chake, funga tena. Ongeza kipande kimoja kimoja mpaka komeo likatae bila kulazimishwa, kisha pima unene wa vipande vyote kwa venia. Namba hiyo ndiyo nafasi yako. Ikiwa kubwa, mpelekee fundi wa silaha za zamani. Angalia pia pini inachomoza na kurudi bila kugusa kingo za tundu. Na hata kila kitu kikikubali, baruti nyeusi peke yake. Baruti ya kisasa kwenye mwili huu ni kujitafutia upofu.

Changu kilikubali. Kivuta ganda kimeshika, komeo linafunga na kufunguka kama mlango wa kabati la bibi, zito na taratibu. Kina namba 19.

Jambo la usafirishaji nalo. Hapa Marekani sheria ya shirikisho inahesabu silaha iliyotengenezwa 1898 au kabla kuwa ya kale, kwa hiyo inakuja mpaka mlangoni bila kupitia duka lenye leseni. Majimbo yana sheria zao, soma ya kwako. Uhuru huo una shimo lake: hakuna mtu wa tatu aliyefungua boksi mbele ya kaunta akaona kilichomo. Rekodi video tangu gundi ya kwanza inakatwa. Mimi nilirekodi kuanzia boksi la pili, la ndani, na wakanijibu kwamba labda kichwa kilibaki kwenye boksi la nje. Boksi la nje lilikuwa na magazeti.

Kabla ya kulipa, waambie kwa maandishi: komeo likichomolewa, kichwa kifungwe kwa uzi au utepe kwenye komeo, kisha vyote kwenye mfuko mmoja uliofungwa kwenye kilinda triga. Uzi wa senti tano. Nimeshawahi kupokea bunduki iliyofungwa hivyo na mzee mmoja kutoka gereji kwake, asiye na nembo wala mnada, na haikukosekana hata skrubu.

Nyota, basi. Nilikuwa nimeandika moja. Bunduki ni tano, sibishani. Maelezo ya mnada yalikuwa ya kweli, hawakuipaka askari kama sukari, kwa hilo nikapandisha tatu. Halafu nikakumbuka ile sauti, "kwani unataka kwenda nayo vitani", na mfereji wa skrubu uliotafunwa, nikashusha hadi mbili. Ukiniuliza kama nitanunua tena kwao, jibu ni hapana. Wakiweka nyingine fupi yenye mihuri kama hii, hmm, niulize siku hiyo.

Na kama anayefagia ghala lao amekiona kipande cha chuma cha duara, kifupi, kina tundu katikati na mwanya ubavuni: kina namba 64, na kiko kwenye vumbi lenu, si kwenye magazeti yangu.