Klasi ya Kifaransa ya jioni hapa Kisumu: pesa yangu imeenda mahali pazuri

Kama uko Kisumu na umekuwa ukitafuta mahali pa kusoma Kifaransa ukishatoka kazi, kuna hii klasi ya jioni pale Oginga Odinga Street, ghorofa ya pili, chini kuna duka la simu, na nataka niieleze vizuri kwa sababu watu wengi wanalipa karo mahali wanapewa tu karatasi ya maneno, upande huu Kiingereza upande ule Kifaransa, wanaambiwa enda ukariri. Hapa si hivyo. Ticha ni mtu wa Bukavu, Kiswahili anakimwaga, na anaanza na venye wewe unaongea nyumbani kwenu. Hio peke yake ndio imefanya nibaki.

Angalia hii. Shuleni tulizoeshwa kila kitu kipitie Kiingereza, sasa mtu akitaka kusema ana njaa anawaza "I am hungry", anatafuta hio "am" kwa Kifaransa, anapata "suis", anaandika "je suis faim", na hakuna Mfaransa anaongea hivyo. Wao husema "j'ai faim". Ticha aliiandika ubaoni alafu chini yake akaandika "nina njaa", akavuta mstari kutoka "ai" mpaka "nina", akaendelea kushuka na chaki: j'ai soif, nina kiu. J'ai sommeil, nina usingizi. J'ai peur, nina woga. J'ai vingt ans, nina miaka ishirini. Hakueleza kitu, alisimama tu pale na chaki mkononi akitungoja. Nesi mmoja anakaa nyuma akasema "kumbe ni hivyo tu?" na klasi nzima ikaanza kuongea kwa pamoja, kila mtu anataka kujaribu yake.

Na si hayo machache tu. Mambo yenye Kiingereza huongezea maneno madogo madogo katikati, Kifaransa na Kiswahili vinapita moja kwa moja. J'attends le bus, nangoja basi. Je cherche la clé, natafuta ufunguo. J'écoute la radio, naskiza redio. Ukitoka kwa Kiingereza utatafuta "for" na "to" za kuweka hapo, uharibu sentensi yenye ilikuwa sawa. Alafu penye Kifaransa chenyewe kinataka "à", kama téléphoner à maman, sisi tuko na ile "-ia" yetu, kumpigia mama, na ukiifupisha inakuwa je lui téléphone, nampigia, yule mtu anayepigiwa amekaa mbele ya kitenzi kwa lugha zote mbili. Je te vois, nakuona. Je t'aime, nakupenda. Mtu wa Kiingereza anasumbuka na hio kwa muda mrefu sana, mtoto wa Nyalenda ameizoea kabla aanze nasari.

Yenye ilinifurahisha zaidi ni "je viens de manger". Kiingereza kinasema "I have just eaten" na ukitafuta hio "just" utapotea, lakini Kifaransa kinasema natoka kula, na sisi si ndio husema nimetoka kula sai? Au "j'habite à Kisumu depuis 2019", naishi Kisumu tangu 2019, kitenzi ni cha wakati huu huu, hakuna haja ya kukipeleka nyuma. Kuna ile subjonctif pia, umbo la kitenzi la kutaka au kulazimika, yenye watu huogopa mpaka wanaacha klasi. Il faut que j'aille, inabidi niende. Je veux que tu viennes, nataka uje. Ona "niende", ona "uje", kitenzi kimebadilika mwishoni kwa sababu jambo lenyewe bado halijatendeka, mtu anataka tu. Hakuna mtu Kondele atasema "nataka wewe kuja", sikio lake litakataa. Ticha anasema sikio hilo ndilo tutumie, na mimi naamini yuko sawa kabisa, sijui kwa nini vitabu vyetu vinatuzungusha kupitia London kufika mahali tuko karibu nako hivi.

Neno "get" amelipiga marufuku. Ukisema "how do you say get" hakujibu, anakuuliza "unamaanisha nini kwa Kiswahili?" Ukishasema kuamka, anakupa se lever. Kupata barua, recevoir. Kuchoka, se fatiguer. Kufika, arriver. Kupanda matatu, monter, na kushuka, descendre, na hapo tulifanya zoezi la makanga na abiria, viti vikapangwa mbili mbili kama ndani ya matatu ya Kibuye na kila mtu lazima aseme "je descends ici" kabla apitishwe stage yake. Na "take" vile vile. Sisi tuko na leta na peleka, Kifaransa pia kinatenganisha lakini kinauliza swali la ziada, ni mtu ama ni kitu? Ukileta chakula ni apporter, ukileta rafiki ni amener, ukibeba chakula uende nacho ni emporter, ukimpeleka mtoto hospitali ni emmener. Hio ilituchukua jioni nzima na sikuona ikiwa mrefu. Na "I'll pick you up" ikawa je passe te prendre, napitia nikuchukue, ile ile yenye unaambia mtu kwa simu ukiwa unatoka town.

Kuna mahali Kiswahili hakisaidii na ticha husema wazi, hajifanyi. Saa kwanza. Six heures ni saa kumi na mbili, si saa sita, na dix-huit heures ni saa kumi na mbili za jioni, hapo lazima ubadilishe kichwa. Kujua nayo inagawanyika, savoir ni kujua jambo au kujua kufanya kitu, connaître ni kujua mtu au mahali, kwa hivyo je sais nager, najua kuogelea, lakini je connais Kakamega, najua Kakamega. Alafu "tu me manques", yaani nimekumiss, yenye mtu wa kukosekana ndiye anaanza sentensi, mimi niko katikati kama mwenye kupungukiwa. Le na la, za nomino za kiume na za kike, unakariri tu pamoja na neno lake, ingawa mtu amezoea ngeli hashangai kuona kivumishi kikifuata nomino. Na ile sauti ya "u" ni kazi. Dessus ni juu, dessous ni chini, kwa sikio letu ni kitu kimoja. Ticha anakufanya useme "i" ndefu, usisongeze ulimi hata kidogo, alafu polepole ukunje midomo kama unapuliza chai, na sauti inatoka yenyewe. Anapita kwa kila mtu, anainama kuangalia mdomo, harudi mbele mpaka umeipata.

Hizi programu za kutafsiri kwa simu nazitumia kazini, niko kwa ofisi ya mizigo, na tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 karatasi za Kifaransa zinatufikia zaidi, dereva wa Goma tunaelewana Kiswahili vizuri lakini invoisi yake imeandikwa Kifaransa. Kwa kusoma karatasi zinasaidia. Kwa kuandikia mtu, hapana. Ukiandika "are you tired" simu haijui kama ni rafiki ama ni mkubwa wa forodha, mwanaume ama mwanamke, inachagua tu, na unaweza kumwambia mzee wa watu "tu", ile wewe ya marafiki, mahali ulifaa kusema "vous" ya heshima. Klasini hio ndio kitu cha kwanza unaulizwa, unaongea na nani?

Sasa mabaya. Jumamosi huyu ticha hayuko, kuna mwingine anashikilia, na huyo anarudi kwa orodha zile zile za Kiingereza, neno kwa neno, nimeona watu wakisinzia, na karo ni ile ile, si haki. Fotokopi zimefifia mpaka accents, vile vialama vya juu ya herufi, hazionekani, na kwa Kifaransa accent ikipotea neno linaweza kuwa lingine. Saa moja jioni spika za duka la chini ziko juu kabisa na zoezi la kuskiza linaharibika. Na mazoezi ya kuskiza yenyewe ni machache, tunaskia sauti ya ticha peke yake, tungewekewa redio za Kifaransa tuzoee watu wengine. Anasema septante na nonante, sabini na tisini, kama watu wa Kongo na Ubelgiji, hio ni sawa kabisa, lakini Ufaransa husema soixante-dix na quatre-vingt-dix na anaifundisha haraka haraka mwishoni.

Kama unataka DELF, ule mtihani wa cheti cha Kifaransa, jua hii klasi haikuandai kwa mtihani. DELF inaanza A1 mpaka B2, sehemu nne za alama 25 kila moja, unahitaji 50 kwa 100 na usipate chini ya 5 kwa sehemu yoyote, na sehemu mbili ni za kuskiza na kuandika, zile zile hapa wako nyuma. Nesi wetu anataka kwenda Quebec, kule Kanada wanakoongea Kifaransa, kwa hivyo ameongeza mazoezi mengine pembeni, na amefanya vizuri. Kumbuka pia passer un examen ni kuufanya mtihani, kuupita ni réussir, usije ukapigia nyumbani habari za uongo.

Karo ni 4,500 kwa mwezi, jioni tatu na Jumamosi, M-Pesa inakubaliwa na unaweza kulipa mara mbili. Ukienda, omba klasi ya Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, ndiyo ya huyu wa Bukavu, na ukae mbele mbali na dirisha.