Miaka miwili katika kikundi cha wagonjwa wa tezi ya shingo: uzoefu wangu

Nakipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoibana nitaieleza huko mbele.

Ninachokizungumzia ni kikundi cha kusaidiana cha watu wenye Hashimoto (ugonjwa ambao kinga ya mwili huishambulia tezi ya shingo) na maradhi mengine ya tezi hiyo. Tunakutana kwa simu mara mbili kwa mwezi, saa moja na nusu kila kikao, na msimamizi wetu ni muuguzi mstaafu tunayemwita Sista. Kujiunga ni bure. Nimekuwemo miaka miwili na ushee, kwa hiyo haya si maneno ya mtu aliyeingia jana.

Nianze na hali niliyoingia nayo. Karibu mwaka mzima nilikuwa na uchovu ambao usingizi hauutoi. Nilikuwa napata saa tisa mfululizo za usingizi na bado naamka kama mtu aliyekesha msibani. Baridi ilinishika peke yangu: wenzangu chumbani wamevaa nguo nyepesi, mimi nimejifunga shali hadi masikioni. Choo kilikuwa cha kubahatisha, hedhi nzito na ndefu, sauti imekwaruza. Nyusi zikaanza kupukutika ncha za nje, zote mbili, nikawa nazichora kwa wanja kila asubuhi. Siku moja nimesimama mbele ya kioo, wanja mkononi, nyusi moja imeshachorwa, nikasahau kabisa nilikuwa nafanya nini. Nilibaki nimekitazama kile kijiti cha wanja kwa muda mrefu. Uchovu kila mtu alikuwa ameshaniambia ni wa kawaida, eti nina majukumu mengi. Kule kusahau ndiko kulikonipeleka hospitali.

TSH yangu, homoni inayopimwa kwenye damu kuangalia kazi ya tezi, ilikuwa 38. Katika maabara nyingi kiwango cha kawaida ni kama 0.4 hadi 4. Kingamwili dhidi ya TPO, kimeng'enya cha tezi, zilikuwa juu sana. Daktari akaandika "Hashimoto" kwenye cheti, akaniandikia levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, mikrogramu 75 kila siku, na vidonge vya madini ya chuma kwa kuwa damu ilikuwa imepungua. Akaniambia nirudi baada ya miezi miwili. Mazungumzo yote hayakufika dakika kumi. Nilitoka na mifuko miwili ya dawa na ugonjwa wenye jina nisilojua hata kulitamka.

Nikawa nameza kama nilivyoelewa: asubuhi, vidonge vyote viwili kwa pamoja, nikivisukuma kwa kahawa. Baada ya miezi miwili TSH ikawa 19. Dozi ikapandishwa hadi 100. TSH 14. Ikapandishwa tena hadi 125, na safari hiyo nikaulizwa kwa sauti ya kushuku kama kweli nakunywa dawa au naruka. Sijawahi kuruka hata siku moja. Swali lile liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe, kwa sababu nilianza kujishuku mimi mwenyewe, na kichwa changu wakati ule kilikuwa hakiaminiki.

Kikundi nilielekezwa na mfanyakazi wa maabara aliyekuwa ananitoa damu, akaona macho yangu yamejaa machozi. Nilijiunga wiki ileile.

Kikao cha kwanza nilijiandaa kueleza hisia zangu. Hawakuniuliza hisia. Kuna mama mmoja mtu mzima, wote tunamwita Shangazi, anaishi na ugonjwa huu zaidi ya miaka ishirini. Yeye ndiye huanza na wageni.

"Dada, dawa unakunywa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Shangazi."

"Unakunywa na nini?"

"Na kahawa. Pamoja na kile kidonge cha damu."

"Kile cha damu unakimeza palepale?"

"Palepale."

Simu ikawa kimya kidogo. Halafu akasema, "Pole mwanangu. Hivyo viwili havilali nyumba moja."

Sista ndiye aliyefafanua. Madini ya chuma yakikutana na levothairoksini tumboni huishika, na sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Kalsiamu hufanya vilevile, na baadhi ya dawa za kiungulia. Kati ya hivyo na kidonge cha tezi ziachwe saa nne. Kidonge chenyewe kimezwe kwa maji matupu, tumbo likiwa halina kitu, kisha kusubiri nusu saa hadi saa nzima kabla ya kahawa au chakula. Anayeshindwa asubuhi anaweza kumeza usiku anapokwenda kulala, ilimradi zimepita saa tatu au zaidi tangu ale. Jambo hilo dogo hakuna aliyekuwa ameniambia kwa miezi sita, na kwa miezi sita nilikuwa naonekana mkaidi.

Hapa ndipo nilipokipenda kikundi hiki. Sista hakuniambia nipunguze wala niongeze dawa. Ana kanuni moja anairudia kila kikao: dozi haibadilishwi kwenye simu. Aliniambia niende kwa daktari nikamweleze jinsi nilivyokuwa nameza, na akanionya kwamba 125 zikianza kuingia zote mwilini huenda zikawa nyingi kuliko mahitaji yangu. "Moyo ukianza kwenda mbio," akasema, "usisubiri tarehe ya kurudi."

Daktari alikubali tutenganishe dawa, tuache dozi palepale, tupime baada ya wiki sita. Muda huo una sababu yake. Levothairoksini hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake inatoka kwa karibu wiki moja, na TSH inachelewa kutulia. Ukipima mapema unapata namba ya uongo. Lakini wiki ya tano usiku niliamka moyo unanidunda hadi shingoni, na vidole vinatetemeka nikishika glasi. Zamani ningelala nao. Asubuhi nikaenda. TSH ilikuwa 0.08. Dozi ikashushwa hadi 88, na kipimo kilichofuata kikasoma 1.9. Niko hapo kwa zaidi ya mwaka sasa.

Sikudhani kikundi kingenifundisha kuuelewa ugonjwa, lakini kimenifundisha. Nilikuwa nadhani TSH ikipanda maana yake tezi inafanya kazi kupita kiasi. Kumbe TSH inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, nayo hupaza sauti kadiri tezi ya shingo inavyozidi kunyamaza. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kutulinda na vijidudu, imeigeukia tezi na kuila polepole, pengine kwa miaka, kabla mwenyewe hajahisi lolote. Sista alitueleza pia kwamba Hashimoto ni jina la daktari wa Kijapani, Hakaru Hashimoto, ambaye mwaka 1912 aliandika kuhusu wanawake wanne waliokuwa na uvimbe wa tezi na akaona kwenye hadubini kitu ambacho wengine hawakukieleza kabla yake. Nimewafikiria sana wanawake wale wanne. Wao hawakuwa na kidonge hiki changu.

Na kila mgeni anapolalamika kwamba dawa ni ya maisha, Sista humsimulia habari za George Murray, daktari wa Kiingereza ambaye mwaka 1891 alimdunga mgonjwa wake sindano ya maji ya tezi ya kondoo. Mama yule alikuwa amezorota kwa ugonjwa wa tezi kushindwa kazi, na baada ya matibabu hayo aliishi miaka 28 zaidi. Nimeisikia habari hiyo labda mara kumi na bado naipenda.

Mambo mengine niliyoyaokota humo: mwenzetu mmoja majibu yake yaligeuka ghafla yakaonyesha dawa imezidi, kumbe alikuwa anatumia vidonge vya nywele vyenye vitamini ya bayotini nyingi, ambayo huvuruga baadhi ya vipimo vya maabara. Aliacha siku kadhaa, akapima upya, mambo yakawa sawa. Binti mwingine aliyekuwa anatafuta mtoto aliambiwa mapema kwamba siku kipimo cha mimba kikisema ndiyo, ampigie daktari wake siku hiyohiyo, kwa sababu mahitaji ya homoni hupanda kwa robo hadi nusu, na mtoto aliye tumboni miezi ya mwanzo anategemea homoni ya mama. Alipiga. Tulishangilia kwenye simu kama ukoo mmoja.

Kuna pia kikao cha ndugu, mara moja kila miezi mitatu. Mume wangu aliingia kwa shingo upande. Alimsikiliza mwanamume mwenzake akisimulia jinsi alivyomwita mkewe mvivu kwa miaka miwili, na jinsi anavyojuta. Mume wangu hakusema neno. Ila usiku ule aliinuka akazima feni bila kuambiwa, akaniongezea blanketi miguuni.

Sasa ile nyota. Kuna mtu aliachwa vikao vitatu akiuza matone ya "kusafisha tezi" yaliyotengenezwa kwa mwani wa bahari. Mwani huo una iodini nyingi, na iodini ikizidi inaweza kuizidishia tezi yenye Hashimoto madhara. Mwenzetu mmoja aliyanunua, akaacha levothairoksini kabisa, na baada ya wiki kadhaa alirudi uso umemvimba, sauti nzito, hawezi kumaliza sentensi. Muuzaji alitolewa, lakini kwa kuchelewa, na hilo sitalipamba. Msimamizi alituomba radhi na sasa hakuna anayeruhusiwa kutangaza bidhaa yoyote.

Pia wenye Graves wako pamoja nasi kwenye kikao kimoja. Ugonjwa wao nao unatokana na kinga, lakini unakwenda kinyume cha wetu: tezi yao inatoa homoni kupita kiasi, na dawa zao ni za kuituliza. Mgeni asiyejua tofauti anaweza kuchukua ushauri wa mwenzake ukamdhuru. Tumeomba watenganishwe. Bado tunasubiri. Na saa tatu usiku, tunapokutana, ni saa mbaya kwa mgonjwa mpya, maana wengi wakati huo wameshazimika.

Jambo moja zaidi kwa anayetarajia muujiza. Kuna wenzetu ambao TSH yao imetulia na bado wamechoka. Sista hawaambii ni mawazo yao tu, wala hawasukumi kudai dawa zaidi, kwa kuwa ikizidi kwa muda mrefu huumiza moyo na mifupa. Huwaambia wakaulize akiba ya madini ya chuma, vitamini B12, na usingizi wao. Wawili wameshapata sababu kwa njia hiyo. Mmoja bado anatafuta, na tunaye.

Mimi nyusi zimerudi, ya kushoto ina pengo dogo. Ukiamua kujiunga, kikao cha kwanza kaa na vidonge vyako vyote mbele yako, hata vile vya nywele na vya kiungulia unavyoona havihusiki, na Shangazi akikuuliza msomee majina yake kimoja kimoja.