Kumtafuta babu aliyekuwa Keya: tathmini ya tovuti ya makaburi ya vita ya CWGC

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, habari za mzee aliyekwenda vitani zimebaki kuwa jina lake na neno moja la mahali: Bama (yaani Burma, leo Myanmar), Habeshi (Ethiopia), au "vita vya Mjerumani" tu. Mjukuu akiuliza aanzie wapi, huelekezwa kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayojulikana zaidi kwa herufi zake CWGC. Kutafuta humo ni bure, na kumbukumbu zake zinahusu watu wapatao milioni 1.7. Swali ni kama inamfaa mtu anayemtafuta askari wa Keya (yaani KAR, King's African Rifles), dereva wa jeshi au mpagazi.

Jibu linategemea vita gani, na kama alirudi. Kwa aliyefariki akiwa jeshini kati ya 1939 na 1947, hakuna pa kuanzia palipo bora kuliko hapa. Kwa askari au mpagazi wa 1914 hadi 1918, iingie ukiyajua mapengo yake, maana ni makubwa na yana historia inayoumiza. Kwa mzee aliyerudi akafia nyumbani uzeeni, haina kitu. Hii haijawahi kuwa orodha ya askari, ni orodha ya marehemu. Wapo wanaokosa jina humo wakahitimisha kwamba masimulizi ya nyumbani yalikuwa hadithi tu. Si sawa kabisa. Kukosekana kwa jina hakuthibitishi kwamba mzee hakwenda vitani.

Mipaka ya tarehe izingatiwe kabla ya kuandika herufi yoyote. Kwa vita vya kwanza ni 4 Agosti 1914 hadi 31 Agosti 1921. Kwa vya pili ni 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947. Ndani ya mipaka hiyo, aliyekuwa bado jeshini anahesabiwa hata kama hakufa kwa risasi: malaria, kuhara damu, ajali ya lori, vyote vimo. Aliyekwisha kuachishwa kazi kabla ya kufariki ni suala jingine, nitalirudia chini.

Kinachowakwamisha watu wengi ni jina. Fomu ya kutafutia ina kisanduku cha jina la ukoo na kingine cha jina la kwanza, mpango ambao haukuwahi kulingana na namna watu wetu wanavyoitwa. Karani wa jeshi aliandika alichosikia, na aliyekuja kuhamisha orodha akaamua mwenyewe kipi kiwe jina la ukoo. Kwa hiyo Juma bin Ali anaweza kuwa chini ya Juma, chini ya Ali, au akawa na jina moja tu na kisanduku cha pili kitupu. Viunganishi kama bin, wa na arap huweza kuachwa au kushikanishwa na jina. Kisha kuna tahajia: R na L hubadilishana, Ng'ang'a huwa Nganga, Odhiambo huwa Odiambo, Mwangi huwa Muangi. Andika kila tahajia unayoweza kuifikiria kama aliyeisikia hakuijua lugha, na ujaribu jina la baba katika kisanduku cha ukoo hata kama familia hailitumii hivyo.

Namba ya askari ni ufunguo bora zaidi kuliko jina. Ikiwa nyumbani kuna kitabu cha mshahara, cheti cha kuachishwa jeshi au barua ya malipo, ina namba hiyo, na mara nyingi huwa na herufi mbele ya tarakimu. Herufi hizo ni sehemu ya namba. Tafuta nazo, kisha bila hizo, kisha kwa mkwaju (/) kati ya herufi na tarakimu, kwa kuwa orodha mbalimbali zimeziandika kwa namna mbalimbali.

Kuhusu kikosi, usijifunge na KAR. Nyumbani kila aliyevaa sare aliitwa Keya, lakini maelfu hawakuwa King's African Rifles. Madereva na watu wa uchukuzi walikuwa East African Army Service Corps, watu wa kazi za mikono walikuwa East African Military Labour Service au vikosi vya mapainia, na kulikuwa na mizinga, wahandisi na wauguzi wa Afrika Mashariki. Cheo nacho kinasema kitu: Private ni askari wa kawaida, Gunner ni wa mizinga, Sapper ni wa uhandisi. Ukiweka KAR kwenye kisanduku cha kikosi, unaweza kumfungia nje mtu unayemtafuta.

Ukimkosa kwa jina, geuza njia: tafuta kwa tarehe na mahali pa kumbukumbu, jina uliache wazi. Hapa ndipo huduma hii inapoonyesha thamani yake. Chukua familia ambayo imesikia tu kwamba mzee "alizama baharini akienda Bama". Meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani I-27 karibu na visiwa vya Maldives tarehe 12 Februari 1944, ikazama katika takriban dakika mbili. Walikufa karibu watu 1,300, wengi wao wakiwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga ya Afrika Mashariki. Weka tarehe hiyo tu bila jina, na mnara wa East Africa Memorial ulio ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Utapata orodha ndefu ya wanaume wasio na kaburi. Matokeo yanaweza kupakuliwa kama jedwali, na kusoma jedwali jina kwa jina kunafichua tahajia ambazo usingezibuni. Kwa anayetafuta bila uhakika wa jina, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza kuliko zote.

Kwa Burma kuna tahadhari moja. Wasio na kaburi wameandikwa katika mnara wa Rangoon Memorial uliopo Taukkyan, kaskazini ya Yangon, wenye majina karibu 27,000. Lakini majeruhi na wagonjwa walirudishwa nyuma, kwa hiyo wapo waliozikwa Imphal na kwingineko India. Ukichuja kwa nchi ya Myanmar pekee utawaacha hao. Vivyo hivyo aliyefia Madagaska katika kampeni ya 1942 anaweza kuwa katika makaburi ya Diego Suarez kisiwani humo, na si mahali popote familia ilipowahi kupataja.

Ukishampata, usiishie kwenye ukurasa wenye jina lake. Shuka chini mpaka kwenye nyaraka zilizopigwa picha: ripoti za uandikishaji wa makaburi, ratiba za mawe ya makaburi, orodha za mabamba. Humo utaona jinsi jina lilivyoandikwa mwanzoni, wakati mwingine tofauti na linavyosomeka leo. Utaweza pia kuchapa cheti cha kumbukumbu bila malipo. Maelezo ya ziada, kama jina la baba, mke na wilaya, wengine wanayo na wengine hawana. Ukitaka kuona kumbukumbu iliyojaa inavyoonekana, mtazame Sajini Nigel Leakey wa kikosi cha 1/6 KAR, aliyeuawa Kolito, Habeshi, tarehe 19 Mei 1941 na kutunukiwa Msalaba wa Victoria. Kisha fungua ya askari yeyote wa kawaida wa kikosi hicho hicho na ulinganishe. Tofauti yake haikuletwa na tovuti. Ilianzia kwenye daftari la karani.

Sasa vita vya kwanza. Hapa siwezi kuisifu huduma, ingawa Tume yenyewe imekiri kosa. Miaka ya 1920 iliamuliwa kwamba askari na wapagazi Waafrika waliofia Afrika Mashariki wasiwekewe makaburi na majina yao mmoja mmoja, bali minara ya pamoja mijini: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Sanamu ya Askari pale barabara ya Samora, Dar es Salaam, ni mmojawapo, ya mwaka 1927. Minara hiyo ina maandishi yanayowakumbuka askari na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa akipigania nchi yake. Majina yenyewe hayakuandikwa. Ripoti ya Tume ya Aprili 2021 ilikadiria kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Kwa hiyo ukitafuta mpagazi wa Kariakoo (yaani Carrier Corps, kikosi cha wapagazi) ukaambulia patupu, tatizo si tahajia yako. Kazi ya kuyarudisha majina inaendelea, ikiwemo kwa kutumia nyaraka za KAR zilizo mikononi mwa Jeshi la Ulinzi la Kenya. Inafaa kurudia utafutaji kila baada ya muda.

Tarehe ya kifo ikishapatikana, kazi inahamia kwenye shajara za vita, yaani daftari za kila siku za vikosi, zilizo katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, London. Vikosi vya Burma viko katika mfululizo WO 172, vya Afrika Mashariki na Habeshi katika WO 169, vya Madagaska katika WO 174. Zimepangwa kwa mwaka na kikosi, hivyo batalioni moja iliyohama kutoka Kenya kwenda Ceylon na Burma ina majalada zaidi ya moja, na nusu ya hadithi hupotea kwa anayeagiza moja tu. Kadi ya msomaji ni bure, ukienda na kitambulisho na uthibitisho wa anwani. Unaruhusiwa kupiga picha kwa simu yako bila kulipa. Jumapili na Jumatatu chumba cha kusomea hakifunguliwi.

Ujue lakini utakachokikuta. Shajara hutaja maofisa kwa majina, na askari huwataja kwa hesabu: wangapi wameuawa, wangapi wamejeruhiwa. Hutamwona babu kwa jina. Utaona mvua, mto, kijiji, na idadi ya siku ile, nawe ndiye utakayemweka humo kwa kuwa una tarehe yake. Kama hujui batalioni ilitoka wapi, namba husaidia: 6, 26, 36 na 46 zilikuwa za Tanganyika, 4, 34 na 44 za Uganda, 2 na 22 za Nyasaland (leo Malawi). Si kanuni kamili, kwani 7 nayo ilikuwa ya Uganda na 11 ya Kenya, lakini hupunguza mahali pa kutafuta.

Majalada binafsi ya askari Waafrika wa kawaida kwa kawaida hayako Kew, na usimlipe mtu anayekuahidi kukutolea huko. Vilevile kabla ya kulipia tovuti za nasaba, hakikisha kwanza kwamba zina orodha za vikosi vya Afrika Mashariki na si za vikosi vya Uingereza pekee.

Kwa aliyerudi hai, nguvu ielekezwe nyumbani. Hifadhi ya Taifa ya Kenya, katika jengo la zamani la Bank of India barabara ya Moi, na ile ya Tanzania iliyopo Upanga, zina nyaraka za utawala wa wilaya. Hapo usiulize "faili la babu yangu". Uliza kwa wilaya na mwaka: uandikishaji wa askari, fedha zilizotumwa kwa familia, mirathi ya askari, askari waliorudi. Malipo ya familia yalipitia kwa mkuu wa wilaya, kwa hiyo karatasi zikiwepo, ziko chini ya wilaya na si chini ya jina.

Na kabla ya yote hayo, fungua kopo la nishani. Za vita vya kwanza zimechongwa namba, cheo, jina na kikosi: za mviringo pembeni, nyota nyuma. Zisisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha, maana maandishi hufutika. Nishani za vita vya pili ambazo Uingereza iliwapa askari wa nchi kavu kwa kawaida hazina jina, ila zinasema mahali: nyota yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati ni ya Afrika, na yenye utepe wa buluu, nyekundu na chungwa ni ya Burma. Hilo pekee linatosha kuchagua kati ya WO 169 na WO 172.

Ikiwa una ushahidi kwamba ndugu yako alifariki ndani ya tarehe zile na hayumo, Tume hupokea maombi ya kumwongeza, na maombi ya kusahihisha jina lililokosewa. Inataka kuona mambo mawili: kwamba alikuwa jeshini, na kwamba alifariki lini. Kwa aliyekwisha kuachishwa linaongezeka la tatu, kwamba kilichomuua kilitokana na utumishi wake, na hilo ndilo gumu zaidi bila cheti cha daktari au maelezo yaliyoandikwa kwenye cheti cha kuachishwa. Masimulizi peke yake hayatoshi, lakini yaandike hata hivyo, pamoja na kila tahajia ya jina, kijiji, chifu wa wakati ule na jina la baba, kwa sababu ndivyo vitakavyomtofautisha na wengine wenye jina kama lake. Tuma nakala zilizopigwa picha vizuri pande zote mbili za karatasi. Karatasi asilia zibaki nyumbani.