Miezi 19 nje ya reli: chama changu cha wafanyakazi kilivyonihudumia

Nyota tatu na nusu. Siku niliyofukuzwa ningetoa moja, siku niliyorudishwa ningetoa tano, kwa hiyo nimesubiri hasira na furaha vyote vipoe ndipo niandike.

Mimi ni kondakta wa treni za mizigo huku Marekani, mwaka wa tisa sasa. Nyumbani ukisema kondakta watu wanafikiria tiketi. Huku kondakta wa mizigo ndiye anayeshuka gizani kuunga na kukata mabehewa, kugeuza njia na kukaza breki za mkono. Nawaandikia Waswahili wenzangu walioingia reli, wanaokatwa ada ya chama kila mwezi na hawajawahi kujiuliza ile ada inanunua nini.

Usiku mmoja wa Februari niliacha mabehewa sita ya nafaka kwenye njia ya pembeni ya yadi. Nilikaza breki za mkono tatu, nikaachia breki za hewa kuona kama yanashika, yakashika. Nikaondoka saa nane usiku. Kulipokucha yalikutwa yamesogea kama futi 40 na kugonga mengine. Hakuna aliyeumia. Wiki hiyo hiyo nikapata barua ya kuitwa kwenye uchunguzi, na siku chache baada ya kikao nikapata barua ya pili: nimefukuzwa.

Hicho kikao cha uchunguzi ndicho ninachotaka mkielewe kuliko kitu kingine chochote humu. Kinafanyika ofisini kwa kampuni, anakiongoza meneja wa kampuni, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayotoa adhabu. Nilipokiona hivyo nikakichukulia kama utaratibu tu. Nikajiambia haki yangu nitaipata mbele, kwa msuluhishi wa nje. Kumbe msuluhishi wa nje hasikilizi mashahidi upya. Anasoma kilichorekodiwa siku ile, neno kwa neno, na kuamua kutoka hapo. Ambalo hukulisema mle chumbani, kwake halipo.

Mwenyekiti wetu wa tawi, dereva wa treni aliyeanza kazi mimi nikiwa shule ya msingi, alilijua hilo. Alikuja na daftari la karatasi za njano na kalamu mbili. Aliomba kikosi kilichoingia njia ile baada yangu kiitwe kutoa ushahidi, maana kumbukumbu za yadi zilionyesha kuna injini iliyopita pale kabla ya alfajiri. Meneja akakataa. Mwenyekiti hakubishana. Alisema polepole, kama anayemsomea mtoto imla: "Naomba irekodiwe kwamba nimeomba mashahidi hawa, na kwamba ombi limekataliwa." Akaandika saa. Alifanya hivyo mara sita siku ile. Mimi nilimwona mnyonge, nilitaka apige meza.

Halafu nikaharibu mwenyewe. Meneja aliniuliza, kwa sauti ya upole, kama ningeweza kukaza breki moja zaidi. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima akikuuliza kitu kwa upole hutakiwi kujibu kwa kumpinga. Nikajibu, "Ndiyo, bwana, ningeweza." Nilikuwa na maana ya adabu tu. Mwenyekiti akaomba mapumziko pale pale, akanitoa nje penye baridi, akaniambia nijibu nilichofanya, siyo ambacho ningeweza kufanya. Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Ukurasa wa 47.

Kwa huyu mwenyekiti natoa nyota tano bila kufikiria. Halipwi vya kutosha kwa kazi anayoifanya, na yeye mwenyewe anaendesha treni usiku.

Sasa ngazi ya juu ya chama. Baada ya kufukuzwa, shauri hupanda: rufaa kwa kampuni, kampuni inakataa, pande mbili zinakutana kujadiliana, zikishindwana linakwenda kwenye usuluhishi. Kuanzia hapo faili hutoka tawini na kwenda kwa ofisi ya mwenyekiti mkuu. Miezi mitano nilipiga simu na kuacha ujumbe. Nilijibiwa mara mbili, mara zote na karani, na mara zote jibu lilikuwa kwamba faili liko kwenye foleni. Nina watoto wawili. Bima ya afya ya kazini ilikuwa imekatika. Nilikuwa nabeba mizigo kwenye ghala kwa malipo pungufu ya nusu ya yale niliyozoea. Mtu aliye kwenye hali hiyo hahitaji miujiza, anahitaji kuambiwa lini.

Sisemi nilicheleweshwa kwa sababu ya rangi yangu. Faili za wenzangu wazungu zililala kando ya langu. Ila ni vizuri mjue kwamba haki ya kudai chama kikuhudumie ilipatikana reli, na aliyeipigania ni mtu mweusi. Bester William Steele alikuwa mchochea moto wa treni Alabama. Chama kilichokuwa na nguvu ya kisheria ya kumsemea hakikumruhusu hata kujiunga, kisha kikatia saini mkataba wa kuwasukuma weusi nje ya kazi zile. Mwaka 1944 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema chama kinachowasemea wafanyakazi wote kisheria lazima kiwawakilishe wote kwa haki. Niliitaja kesi hiyo kwenye barua niliyoiandikia ofisi ya juu. Nilipigiwa simu baada ya siku nne, safari hii na mtu aliyelisoma faili langu. Nyota mbili, na moja kati ya hizo ni ya huyo aliyepiga.

Kuhusu usuluhishi wenyewe. Sheria ya Kazi za Reli ni ya 1926, na humo kufukuzwa kwa mtu kunahesabiwa ni "mgogoro mdogo". Mikubwa ni ile ya mikataba mipya. Kwa mgogoro mdogo hamruhusiwi kugoma, na huanzii mahakamani. Mwaka 1934 likaundwa baraza la kitaifa la kuamua mashauri haya, makao yake Chicago, na tangu 1966 kampuni na chama wanaweza kuunda mabaraza madogo ya watu watatu: mmoja wa kampuni, mmoja wa chama, na wa kati asiye na upande. Langu lilikwenda kwenye baraza dogo. Huyo wa kati analipwa na serikali kuu, kwa hiyo zaidi ya ada yangu ya kila mwezi sikutoa hata senti. Hilo ni jambo kubwa, tusilipite.

Uamuzi ulikuwa kurasa nne. Kwenye ya pili msuluhishi aliandika kwamba kunyimwa mashahidi wale kuliacha shaka ambayo kampuni haikuiondoa. Yale maombi sita ya mwenyekiti, yote yalikuwa yametajwa, na saa zake. Kwenye ya tatu palikuwa na maneno yangu: ndiyo, bwana, ningeweza. Nirudishwe kazini, miaka yangu yote ihesabiwe, lakini bila malimbikizo ya mshahara wa miezi 19.

Naona sehemu hiyo ya mwisho siyo haki, na nitaendelea kusema hivyo. Mahakama zinaweza kuugusa uamuzi wa namna hii kwa sababu chache mno, mfano mjumbe akipatikana na ufisadi au baraza likivuka mamlaka yake. Kuona haki haikutosha siyo mojawapo.

Jambo moja kwa haraka: kama umefukuzwa baada ya kuripoti kwamba umeumia au kwamba kuna hatari ya usalama, ipo njia nyingine ya kulalamika Wizara ya Kazi, na una siku 180 tu. Usikae ukisubiri foleni ya chama.

Mwezi uliopita mwenyekiti alinichukua niwe msaidizi wake kwenye kikao cha kijana mmoja wa yadi. Kabla hatujaingia nilimweka kijana kando nikamwambia kuhusu ukurasa wa 47. Ndani nilikaa kushoto kwake na daftari la njano, kazi yangu kuandika kila ombi lililokataliwa na saa lilipokataliwa. Yalikuwa tisa. Kijana aliulizwa mara tatu kama angeweza, na mara zote tatu alijibu alichofanya.